Nilikwepa ng'ombe wa mtu, wakaenda wa kwangu sita

MTOTO wa mjini haulizi maswali mengi. Akiuliza sana ataonekana wa kuja. Basi na mimi Agosti 2023 nilisimama pale Mwanza mbele ya RAV4 moja nyeusi inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, nikauliza swali moja tu: "Bima ipo?"

Jamaa wa kukodisha akafungua kidroo cha gari, akapunga karatasi mara moja hewani, akairudisha. "Bima ipo, bro. Wewe endesha tu."

Nikaendesha. Msomaji, lile swali nililouliza nusunusu lilinigharimu ng'ombe sita. Si mafumbo wala utani wa Jumapili. Ni ng'ombe wenye mikia na pembe, na nitakuhesabia mmoja mmoja.

Nilikuwa nakwenda Shinyanga kumalizia mahari. Walio na wachumba Kanda ya Ziwa wanaelewa ninachosema. Usukumani mahari si bahasha unayoificha kwenye mfuko wa shati. Ni mifugo, na wazee wanaitaja kwa idadi. Tulikubaliana ng'ombe kumi na tano. Tisa mjomba, aliyekuwa mshenga wangu, alishawapeleka. Sita waliobaki wazee waliridhia niwalipe kwa pesa, Sh700,000 kila mmoja, yaani Sh4,200,000. Nilikuwa nazo zote, na tarehe ya ndoa ilishapangwa, Septemba.

Sasa utasema, si ungepanda basi? Mabasi yapo tele, Mwanza hadi Shinyanga ni lami tupu na ni kama kilomita 160 tu. Lakini mtoto wa Dar aende ukweni kumalizia mahari akishuka stendi na begi begani? Nikaona noma. Isitoshe nilitaka kwanza nipite Geita kumwona binamu yangu, halafu nikate kwa Kahama niingie Shinyanga kama bosi wa dhahabu. Siku nne, Sh120,000 kwa siku, dhamana Sh400,000 mkononi. Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiingereza cha herufi za sisimizi. Nikausaini juu ya boneti. Jamaa akabaki na kitambulisho changu cha taifa, "utaratibu tu," akasema.

MADENI YA MTU NISIYEMJUA

Kasheshe ya kwanza haikuchelewa. Kabla sijafika kivukoni, trafiki alinisimamisha. Kijana mpole, akanisalimia vizuri, akaandika namba ya gari kwenye kimashine chake.

"Ndugu, gari lako lina deni. Makosa matatu, shilingi elfu tisini."

Nikaruka. Nina saa moja tu na gari hili! Afande akanionyesha: mwendo kasi mara mbili na kosa moja la taa, wiki tatu nyuma. Hapa kwetu faini ya kosa moja barabarani ni Sh30,000, na deni linakaa kwenye namba ya gari, halimfuati aliyekuwa ameshika usukani. Nani aliendesha wiki tatu zilizopita, shauri yenu. Nikampigia mwenye gari. "Lipa tu bro, tutakata ukirudi." Nikalipa kwa simu, safari ikaendelea. Kumbuka hayo maneno, "tutakata ukirudi".

Wakati ule pale Kigongo tulikuwa bado tunavuka kwa kivuko kwenda Busisi. Mnapanga foleni, akina mama wanauza samaki na mahindi ya kuchoma, malori ya bidhaa yananguruma, na pembeni mnaliona daraja jipya linajengwa, nguzo moja baada ya nyingine ndani ya Ziwa Victoria. Leo foleni hiyo imebaki hadithi. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 19, 2025 na sasa unavuka kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha. Lakini mwaka ule nilipata muda wa kutosha wa kukaa na kulitazama lile gari. Kama ningekuwa na akili ningelitazama kweli. Nilijipiga picha nikiwa nimeliegemea.

GEITA

Geita usiiendee ukitegemea kuona dhahabu inang'aa mitaani. Utaona vumbi jekundu, bodaboda kama nyuki, nyumba za wageni kila kona, na maduka ya vifaa vya uchimbaji: koleo, kamba, mipira ya maji, mashine za karasha za kusaga mawe. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mji ukakua, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu ambapo mchimbaji mdogo anapima na kuuza mzigo wake mbele ya serikali, badala ya kuuziana gizani. Ukikaa kwenye mgahawa asubuhi utasikia watu wanataja gramu kama wewe unavyotaja vikombe vya chai.

Binamu yangu ni dereva kwenye kampuni moja ya ukandarasi inayofanya kazi migodini. Tulikula wali na sato, tukapiga stori, nikamtoa nje nimwonyeshe gari. Nilitegemea atasema "umetisha". Hakusema. Alianza kulizunguka.

Alizunguka taratibu, mikono nyuma. Akainama kutazama tairi. Akapapasa mlango wa kushoto. Akafungua boneti, akafunga. Akasimama mbele, akatazama namba.

"Mdogo wangu, hili umekodi?"

"Ndiyo, kaka."

"Mbona namba za njano?"

Nikacheka. Nikamwambia kwani rangi ya namba inasukuma gari? Akaniambia kazini kwao huwezi kuwasha gari kabla ya kulizunguka na kujaza fomu, mkwaruzo mmoja mmoja, na usipoandika ulioukuta basi ni wa kwako. Kisha akanieleza habari ya njano. Hapa Tanzania gari la mtu binafsi lina namba za njano, la biashara lina namba nyeupe. Gari la njano likikodishwa kwa pesa, uwezekano mkubwa ni kwamba hata bima yake imekatwa kwa matumizi binafsi. "Wewe hapa ni biashara," akasema. "Ukipata ajali kampuni ya bima itamuuliza mwenye gari: huyu ni nani?"

Nikamwambia kaka, mimi naendesha vizuri. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayechezea kiberiti. "Sikuulizi unavyoendesha," akasema. "Nakuuliza ng'ombe wa barabarani wanavyoendesha."

Jamani, huyu mtu alitabiri.

JIWE LA KAKOLA

Kesho yake nikashika njia ya kwenda Kahama kupitia Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu ulioanza 2001. Kwenye ramani ni kama kilomita 120. Mwaka ule sehemu kubwa niliyopita ilikuwa ya changarawe, na kwenye changarawe lori likikupita linakuachia zawadi mbili: vumbi na mawe. Mimi nilipewa zote. Nilisikia "pa!", na nilipowasha vifutio nikaona ufa umeanza upande wa kulia wa kioo cha mbele, kisha ukaanza kutembea wenyewe kama mjusi. Mpaka Kahama ulikuwa umefika katikati.

Nililala Kahama. Mji una pesa ule, usidanganyike na vumbi lake. Mgodi wa Buzwagi uliokuwa pembeni yake uliacha uzalishaji 2021, lakini Kahama ilishajifunza biashara: mchele, maduka ya jumla, malori yanayotoka Dar kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa napiga hesabu ya kioo.

Asubuhi nikatoka, nikaipita Isaka penye bandari kavu, nikawa natafuta Tinde, pale unapoiacha njia ya Nzega ukaelekea Shinyanga. Lami nzuri, hewa safi, mshikaji wangu niliyetoka naye Dar amesinzia mdomo wazi. Mbele yangu lori refu. Lori likahama ghafla kwenda kulia, na nyuma yake, msomaji, nikaona migongo. Kundi zima la ng'ombe linakatiza, kama halina haraka na dunia hii.

Nikakata usukani kushoto. Sikumgusa ng'ombe hata mmoja. Gari likaingia mtaroni na kugonga ukingo wa saruji wa kalavati. Tukakaa kimya. Mshikaji akaamka akauliza, "Tumefika?"

Hatukuumia, na mikanda tuliyofunga ndiyo iliyotuokoa. Lakini bampa lilikuwa chini, shoo imepasuka, taa moja inaning'inia, rejeta inamwaga maji ya kijani. Ng'ombe wakamaliza kuvuka. Mmoja aligeuka akanitazama.

HESABU

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika. Mwenye gari nikampigia, na safari hii hakuniita bro. Siku mbili baadaye nikiwa Mwanza nilikabidhiwa karatasi. Naiandika kama ilivyokuwa, maana ndiyo shule yenyewe:

Nyongeza ya kwenda nje ya mkoa, Sh30,000 kwa siku nne: Sh120,000.

Kioo cha mbele: Sh280,000.

Matengenezo ya mbele: Sh2,350,000.

Kulivuta gari toka Tinde hadi Mwanza: Sh450,000.

Siku 14 gari kukaa gereji bila kuingiza pesa, Sh100,000 kwa siku: Sh1,400,000.

Jumla Sh4,600,000. Ukitoa dhamana yangu ya Sh400,000, inabaki Sh4,200,000. Ndiyo, macho yako hayajakosea. Ng'ombe sita, bila kubaki hata mkia.

Na zile Sh90,000 za faini za mtu mwingine? "Zile zilikuwa za barabarani," akaniambia. Hazikukatwa.

Nikapiga mkwara. Bima si ipo? Akanitolea ile karatasi ya kidroo na safari hii nikaisoma. Ilikuwa bima ndogo. Bima ndogo ni ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Mwaka ule kwa gari dogo la binafsi ilikuwa Sh118,000 kwa mwaka, kodi ndani. Kazi yake ni kumlinda mtu mwingine: yule utakayemgonga. Kama ningemgonga mwenye baiskeli, karatasi ile ingekuwa na la kusema. Gari nililokalia mimi haikulihusu. Anayelipia gari lenyewe ni bima kubwa, na haikuwapo. Na hata ingekuwapo, namba zilikuwa za njano.

Kwa hiyo jamaa hakunidanganya. Nilimuuliza kama bima ipo, akasema ipo. Sikumuuliza inamlipa nani. Na mkataba niliousaini juu ya boneti ulisema, kwenye kifungu cha tisa, kwamba hasara yote ni yangu, pamoja na siku za gereji. Kitambulisho changu kilikuwa mezani kwake. Nililipa.

NENO LA MZEE

Kumlipa mwenye gari kuliuma. Kwenda kwa wazee mikono mitupu ndiko kulikonimaliza. Mjomba aliniambia, "Twende tu. Habari mbaya ukiichelewesha inazaa."

Tukaenda nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwa basi dogo, mimi na begi langu begani. Tukasalimia mwangaluka, tukaitikiwa, tukapewa viti. Mjomba akaeleza yote. Mimi nimeinamisha kichwa, natazama kuku. Ndani najua mwenzangu anasikiliza nyuma ya pazia.

Baba mkwe alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwani ng'ombe aliyekufa ni yupi?"

Nikasema, "Hakufa, mzee. Nilimkwepa."

"Basi ng'ombe wa watu wazima, wewe mzima, binti yetu yupo. Deni ni deni, halikimbii." Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza.

"Lakini nikuulize, kijana. Sisi hapa mtu akichukua ng'ombe wa mwenzake kwenda kulimia, au kukaa naye amkamulie maziwa, wanakaa chini kwanza. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa ni wa nani? Akivunjika mguu kwenye jembe ni wa nani? Akizaa, ndama ni wa nani? Na anakuwepo shahidi. Hilo gari ulilichukua mbele ya shahidi gani?"

Sikuwa na jibu. Mkataba wa ng'ombe mmoja wa kulimia, unaofanyika chini ya mti bila karatasi, ulikuwa na akili kuliko mkataba wangu wa kurasa mbili. Wale wazee wanauliza habari ya kifo kabla hawajafungua zizi. Mimi niliona kuuliza habari ya ajali ni uchuro.

Harusi ikasogezwa. Septemba ikapita. Ilinichukua miezi kumi kukusanya upya, na miezi kumi ni mirefu kwa mtu aliyekwisha chapisha kadi za mwaliko.

MASWALI YA CHINI YA MTI

Tangu hapo nimekodi magari mara kadhaa, na kabla sijapokea ufunguo nawauliza maswali ya mzee. Chukua, hayalipiwi.

Kwanza, bima hii inamlipa nani? Ndogo au kubwa? Usionyeshwe karatasi kwa mbali, ishike. Tazama palipoandikwa matumizi ya gari: kama ni binafsi na wewe umekodi kwa pesa, bima hiyo ina tundu la kupita tembo. Namba ya gari unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukaona kama bima iko hai na inaisha lini. Bima inayoisha Jumamosi na wewe unarudi Jumatatu ni kimeo.

Pili, mimi nabeba kiasi gani kwanza? Hata bima kubwa ina kiasi cha mwanzo ambacho kampuni hailipi. Kinaweza kuwa laki tano, kinaweza kuwa zaidi. Kitajwe kwa tarakimu na kiandikwe. Na uliza vioo, tairi na sehemu ya chini ya gari, maana mara nyingi haviingii. Kwa barabara za machimbo hivyo vitatu ndivyo vinavyoumia.

Tatu, gari likikaa gereji nalipa siku ngapi? Hiki ndicho kidonda ambacho watu hawakijui. Weka kikomo. Siku tatu, tano, lakini kiwe kikomo.

Nne, bei hii ni ya wapi? Kuna bei ya mjini na bei ya nje ya mkoa. Kuna bei ya kilomita kadhaa kwa siku na ukizidisha unalipa. Ukipewa dereva, chakula na malazi yake ni juu ya nani? Mafuta yanarudi kiasi gani? Ukichelewa saa mbili ni siku nzima?

Tano, gari lina deni? Ingiza namba kwenye mfumo wa polisi wa faini mbele yake. Deni lililopo alilipe yeye kabla hujaondoka.

Sita, lizunguke. Simu unayo, piga video polepole, magurudumu, kioo, kisoma kilomita, geji ya mafuta, na sauti ya mwenye gari iwemo ndani. Huyo ndiye shahidi wako. Kitambulisho chako halisi usiache, acha nakala.

Na wale wenzetu mnaoruka nje msijione mmepona. Ulaya na Afrika Kusini wanakupa karatasi iliyoandikwa CDW, ukafikiri umelindwa kila kitu. Ile ni ahadi ya kampuni kwamba hawatakudai gharama za ajali zaidi ya kiasi fulani, na ahadi hiyo inavunjika ukivunja mkataba: kumpa mwenzako usukani bila jina lake kuandikwa, kunywa, au kuingia njia uliyokatazwa. Kaunta itafunga pesa kwenye kadi yako mpaka urudishe gari, na mara nyingi wanataka kadi ya mkopo, si hii ya kutolea mshahara. Ukiwa chini ya miaka 25 kampuni nyingi zinakuongezea gharama. Dubai utapita chini ya mageti ya Salik bila kusimama, ukirudisha gari unaikuta bili. Namibia, nchi ya changarawe kama ya Kakola, ajali ya gari peke yake, ile ya kujiingiza mtaroni kama mimi, mara nyingi ina masharti yake magumu. Soma hicho kipengele kabla ya kuondoka.

SAFARI YA PILI

Tulioana Julai 2024. Agosti 2025 tukaamua kwenda kuwasalimia wazee, halafu tuvuke Rusumo tukaone Kigali. Mwanza tena, ila kwa mtu mwingine. Gari namba nyeupe. Nikauliza maswali sita, nikaona jamaa ananikunjia uso, mke wangu ananifinya. Nikaendelea. Bima kubwa, imeandikwa ya kukodisha. Kiasi cha mwanzo Sh500,000. Kioo na tairi havimo, nikajua. Siku za gereji, tukaandika mwisho nne.

Kwa sababu ya Rusumo niliuliza swali la saba: bima inavuka mpaka? Bima yetu ya ndani inaishia mpakani. Ukienda Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya au Kongo unahitaji Kadi ya Njano, ile ya mpango wa COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi imebaki. Kadi hiyo inamlipa mtu utakayemdhuru kule, kwa sheria za kule. Gari lako mwenyewe haliinui toka mtaroni. Mwenye gari akaenda kwa kampuni yake ya bima, akaichukua, na akaniuliza kama bima kubwa nayo iongezwe ifike Rwanda. Tukaiongeza, kwa pesa ndogo kuliko ukwato mmoja. Akaniandikia na barua ya ruhusa ya kuvusha gari, na kadi halisi ya gari nikapewa.

Shinyanga mzee alilizunguka lile gari, mikono nyuma kama binamu yangu. Akauliza, "Huyu akifa ni wa nani?" Nikamjibu kwa tarakimu. Akatikisa kichwa, akasema "wabeja", akaagiza kuku.

Kwenda Rusumo tulipita Kahama na Ushirombo. Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara, na siku ya kwanza mke wangu alikuwa ananikumbusha kila baada ya kona. Kurudi tukapita Biharamulo na Geita, tukalala kwa binamu, na asubuhi tukavuka daraja. Nilipunguza mwendo nikatazama kule kilipokuwa kivuko.

Mwanza jamaa akalikagua gari, akasimama kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. "Huu mkwaruzo mpya, kaka."

Nikatoa simu. Video ya siku ya kwanza, dakika ya pili, mlango wa nyuma wa kushoto, mkwaruzo uleule, na sauti yake mwenyewe ikisema "huo wa zamani". Akacheka mpaka akashika kiuno. Akanirudishia dhamana yote.

"Kaka, wewe umesomea wapi mambo haya?"

Nikamwambia, "Tinde. Ada ng'ombe sita."